Jina Juu ya Kichwa cha Zimwi

Wiki iliyopita tuliuacha mlango wa ofisi umebakiza bawaba moja. Msomaji wangu, sasa hauna hata hiyo.

Uliingia ndani mzimamzima, ukalala juu ya meza ya chai, na vikombe vikapasuka kila upande. Nyuma yake wakaingia wanaume watatu. Wa mbele alishika kipande cha nondo, kile kile kilichompa jina, na ncha yake ilikuwa na damu ya mlinzi wa chini.

"Refa ni nani hapa?" Nondo aliuliza.

"Mimi," Refa alijibu.

Mwanamke huyo alisimama mbele ya kompyuta yake, miguu ameitanua kidogo, mikono wazi. Ndivyo alivyozoea kusimama ulingoni enzi zile akiamua ngumi, kabla goti halijamharibikia na kabla hajaajiriwa kuamua ugomvi wa watu wasioonana.

"Kaa chini."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sema shida yako."

Nondo alimpiga kwa mgongo wa mkono. Refa aliyumba, akashika kiti, akahisi damu ya moto ikimshuka juu ya mdomo. Akakaa.

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili kwa jirani, nikudokeze haraka haraka.

Kuna mchezo unaitwa Bonde la Mazimwi. Maelfu ya watu huingia humo kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye simu au kompyuta yake, wakiwinda mazimwi. Sheria ya zamani ilikuwa nyepesi: anayeligusa zimwi kwanza, jina lake linawaka juu ya kichwa cha zimwi, na zawadi yote ni yake, hata kama atakayeliua ni mwingine.

Kundi la Nondo lilinenepa kwa sheria hiyo. Watu waliwaita Wadandiaji. Walirusha mshale mmoja, wakakaa juu ya jiwe, wakatazama wenzao wakivuja jasho kuliangusha zimwi ambalo limeshaandikwa jina la mtu mwingine. Ukiwalalamikia, walikwenda kuchokoza mazimwi mengine, wakakuletea kundi zima mgongoni, ukafa, ukaanza upya. Wanaoanza waliacha mchezo huku wakilia. Mwezi uliopita kijana mmoja alichomwa kisu kwenye ukumbi wa kompyuta kwa sababu ya jina lililowaka juu ya zimwi.

Hapo ndipo Refa aliposema basi. Yeye na Fundi, shemeji yake aliyemwoa mdogo wake, wakaandika sheria mpya. Zawadi igawanywe kadiri kila mtu alivyopigana. Aliyewatibu majeruhi ahesabiwe naye. Anayewavutia wenzake mazimwi, yamgeukie yeye mwenyewe. Na mtu yeyote akibadili sheria, hata awe Refa, jina lake litangazwe mbele ya wachezaji wote mara badiliko hilo litakapotumika.

Sheria hiyo ilikuwa ianze alasiri hii, siku ambayo Zimwi Kuu linatoka pangoni. Kundi litakaloliangusha litapelekwa ng'ambo kwenye mashindano makubwa. Sasa unajua kwa nini Nondo alipanda ngazi zile.

"Rudisha sheria ya zamani," alisema. "Sasa hivi, kabla zimwi halijatoka."

"Hairudi," Refa alisema.

Nondo hakubishana. Alitikisa kichwa tu, na wenzake wawili, mmoja mwenye upara na mwingine mnene, wakamvuta Fundi kutoka chini ya meza yake kwa ukosi wa shati. Fundi alikuwa mtu mwembamba, mpole, ambaye hata kikombe alikiweka mezani bila kutoa mlio. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza.

"Huu ndio unaoandikia?" Nondo aliuliza.

"Ndiyo," Fundi alijibu kabla hajafikiri.

Kipande cha nondo kikashuka.

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kuni nyembamba inayovunjwa. Kelele za Fundi ndizo zilizojaza chumba. Vidole viwili vilitazama upande ambao vidole havitazami, na mfupa wa kifundo ulikuwa umetoka nje, mweupe, kabla damu haijaufunika.

Refa alinyanyuka. Mnene akamkandamiza kitini kwa mikono yote miwili.

"Nitakuuliza tena," Nondo alisema. "Halafu nitahamia mkono wa kushoto. Ukiisha huo, nitaanza na wewe."

"Kwa sababu ya mchezo?"

"Usiniambie ni mchezo." Sauti yake ilishuka, na ilipokuwa chini ilitisha zaidi. "Mimi nashusha magunia kwenye ghala. Msimamizi ananiita kwa kupiga mluzi, kama mbwa. Kule bondeni nikipita, watu wananipisha. Kule nina jina. Wewe umekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka ukaamua kunifuta. Nani alikutuma?"

Aliutazama mkono wa shemeji yake, akamfikiria mdogo wake, mshonaji, aliyekuwa na kibanda mtaa wa pili na ambaye huuacha mchezo ukinguruma kwenye simu kando ya cherehani siku nzima, ili asikie kazi ya mumewe. Angemwambia nini?

"Sawa," alisema. "Niachieni mikono. Nitarudisha."

"Shemeji, usi..." Fundi alianza. Mwenye upara akampiga teke la mbavu, na neno likaishia hapo.

Refa aligeuza kiti, akavuta kibodi. Kwenye kioo, bonde lilikuwa limejaa. Mashujaa wa kila rangi walisongamana mbele ya pango, panga mkononi. Wadandiaji walikaa juu ya miamba yao, pinde tayari.

Kidole chake hakikwenda kwenye sheria. Kilibonyeza kitufe cha kipaza sauti cha uwanja, kile anachotumia kutangaza adhabu. Taa nyekundu ndogo kama punje ikawaka pembeni ya kioo. Kuanzia hapo, kila aliyekuwa bondeni alisikia kila pumzi ya chumba kile.

"Nondo," alisema kwa sauti ya kawaida, "mwambie mwenzako asimpige tena Fundi. Mkono umeshavunjika. Sisi tuko juu ya duka la matairi, mtaa wa machinjio, mlango mmoja tu. Tutakimbilia wapi?"

"Kwa nini unanieleza mahali nilipo?"

"Nimechanganyikiwa. Umenipiga kichwani."

"Andika."

Akaandika upuuzi, herufi zozote. Kwenye kioo, mashujaa walianza kusimama mmoja mmoja, kama watu waliosikia jina lao likiitwa. Wadandiaji juu ya miamba walishusha pinde. Halafu maneno yakatokea chini kabisa ya kioo, na yaliandikwa na mtu anayeitwa Shangazi.

Refa hakuwahi kumwona Shangazi. Alimjua kama mtibabu wa bondeni, mama mmoja anayefufua wanaoanza bila kuombwa na kuwatukana Wadandiaji bila kupumzika. Sasa aliandika: Refa, mimi nauza nyama mtaa huo huo. Kama ni kweli, kohoa.

Refa alikohoa. Damu ikarukia kibodi.

Nakuja na watu wangu, Shangazi akaandika.

"Nondo," mwenye upara alisema polepole, macho kwenye kioo. "Mbona wote wanaandika jina lako?"

Nondo aliinama. Aliyasoma maneno. Akaiona taa nyekundu.

Msomaji, hapo pana pumzi moja tu, na Refa ndiye aliyeitumia. Birika la umeme lilikuwa kwenye rafu ya kushoto kwake, limetoka kuchemka wakati mlango unaanguka. Alilishika kwa mpini na kummwagia Nondo maji yote usoni na shingoni.

Nondo alilia kama mnyama. Nondo yake ilipita hewani bila kuona, ikavunja kioo cha kompyuta, ikarudi na kumchana Refa sikio. Nusu ya sikio ikabaki ikining'inia. Hakuhisi kitu bado.

Miaka yote ya ulingoni Refa hakuruhusiwa kupiga. Alitenganisha, alihesabu, aliinua mikono ya wengine. Lakini aliona mahali ambapo watu hupigwa wakaanguka, na macho yake yalikuwa hayajasahau. Mnene alipomrukia, alimpa kiwiko chini ya mbavu, upande wa ini. Mnene aliinama taratibu kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, akabaki hapo hapo, mdomo wazi.

Mwenye upara alikuwa na kisu. Refa hakukiona kikitoka. Alihisi baridi ya bega, kisha joto, kisha mkono wa kushoto ukagoma kunyanyuka. Alirudi nyuma hadi akaigusa kwa mgongo chupa nyekundu ya kuzimia moto. Akaivua ukutani kwa mkono mmoja, akaibembeza kwa uzito wake mwenyewe. Ilimpata mwenye upara kwenye taya. Meno yalidondoka sakafuni na kuviringika hadi chini ya mlango ulioanguka.

Alipogeuka, Nondo alikuwa ameshamfikia. Uso wake ulikuwa umevimba, ngozi ya shavu inachubuka, jicho moja limefunga. Alimshika koo, akamgongesha kichwa ukutani, akamgongesha tena.

"Nifute," alisema kati ya meno. "Nifute sasa."

Refa alimchimba jicho lililofunga kwa kidole gumba. Nondo hakuachia. Chumba kikaanza kuingia giza pembeni, na sauti ya Fundi akimwita ikawa inatoka mbali, kama kutoka chini ya maji.

Ngazi zikanguruma.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama mfupi, mpana, aproni yake nyeupe imejaa madoa ya kazi, mkononi ana ndoano ya kutundikia nyama. Nyuma yake walikuja wachinjaji wawili, fundi wa matairi na spana yake, na vijana wa ukumbi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara, ambao dakika chache zilizopita walikuwa na panga za mchezo na sasa walishika miguu ya viti.

"Mwachie mtoto wa watu," Shangazi alisema, akamtundika Nondo ndoano ya bega na kumvuta kama anavyovuta robo ya ng'ombe.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kukitazama. Walimwangusha Nondo, wakampiga mateke mpaka akaacha kujikinga. Kila teke lilikuwa na jina lake. "Hili la zimwi langu la bwawani." "Hili la mdogo wangu uliyemwua akiwa amezaliwa jana bondeni." Mnene na mwenye upara waliburutwa ngazi nzima, na vichwa vyao vilihesabu vidato hadi chini.

"Basi," Refa alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena, kwa ile sauti ya ulingoni, na safari hii wakaacha.

Nondo alilala chali katikati ya duara, fundi wa matairi amemkalia kifua, mchinjaji mmoja amemkanyagia mkono wa kulia sakafuni. Kipande cha nondo kilikuwa karibu na mguu wa Refa. Alikiokota.

Aliutazama mkono ule uliokanyagwa. Kisha akamtazama Fundi, ambaye Shangazi alikuwa anamfunga kwa aproni yake, uso wake umekuwa wa majivu.

"Refa," Shangazi alisema bila kugeuka. "Ameshashikwa huyo."

Refa alipiga.

Alipiga mara moja, kwa nguvu zote zilizobaki kwenye mkono uliokuwa unafanya kazi. Mlio ulikuwa ule ule mdogo. Nondo hakupiga kelele, alitoa pumzi tu, ndefu, na machozi yakachanganyika na maji ya uso wake uliochubuka. Kijana mmoja wa ukumbini aliyaangalia viatu vyake. Refa alitegemea ahueni ije, haikuja. Kilichokuja ni maumivu ya sikio, yote kwa pamoja.

"Mshusheni Fundi," alisema. "Fundi matairi, lete gari lako. Apelekwe hospitali haraka."

Wachinjaji wawili wakambeba Fundi, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Alipopitishwa karibu na Refa alifumbua macho, akamtazama, midomo ikatikisika kama anayetaka kusema jambo. Refa alimgusa paji la uso.

"Utaniambia ukipona, shemeji."

Wakaanza kushuka naye, kidato kwa kidato, kwa sababu kila mtikisiko ulimtoa kilio.

Ndipo simu zikaanza kulia. Ya Shangazi, za vijana, ya kila mtu, mlio mmoja ule ule wa baragumu. Bondeni, wakati sisi tulikuwa hapa tukivunjana mifupa, watu walikuwa hawajakaa bure. Waliposikia yaliyompata Refa walilivamia Zimwi Kuu wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, hata baadhi ya Wadandiaji walishuka kwenye miamba yao kwa aibu. Na zimwi lilikuwa limeanguka.

"Tumeliangusha," kijana mmoja alisema, na vicheko vikaanza kutoka kwenye vinywa vilivyopasuka. "Wote. Kila mtu ana fungu lake."

Alifungua simu asome fungu lake. Kicheko kikamfia usoni.

"Haijagawanywa," alisema.

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Jina moja tu. Kuna mtu anaitwa Mgeni. Alilirushia jiwe likitoka pangoni, akaondoka. Limeandikwa jina lake. Amepewa yote."

"Sheria mpya haisemi hivyo," Refa alisema.

Shangazi alikuwa ameitoa simu yake mfukoni. Alisogeza kioo kwa kidole gumba chenye damu ya Fundi, akasoma kimya, akasoma tena, kisha akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Tangazo kwa wachezaji. Sheria ya zamani imerudishwa asubuhi ya leo. Imerudishwa kwa nenosiri la Refa."

Kila mtu akafungua simu yake ahakikishe.

Asubuhi. Kabla ya Nondo. Kabla ya mlango, kabla ya mkono, kabla ya yote.

Kutoka sakafuni ilikuja sauti ya kukwaruza. Ilikuwa ni Nondo. Alikuwa anacheka, na kila kicheko kilimtoa povu jekundu.

"Kumbe nimekuja kudai kitu kilichokwisha rudishwa," alisema. "Kumbe na wewe unadandia, Refa. Mimi nilikuwa na mshale tu. Wewe una ufunguo."

"Sijafanya mimi," Refa alisema.

"Nenosiri ni la nani?" Shangazi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Langu."

"Nani mwingine analijua?"

Refa alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Jibu lilikuwa katikati ya ngazi wakati ule, limebebwa kichwani na miguuni, mkono umefungwa kwa aproni ya Shangazi. Mtu mmoja tu duniani aliketi naye meza moja, akalijua neno lile herufi kwa herufi.

Kabla hajalitamka, zilisikika hatua za mbio zikipanda, zikasimama ghafla katikati ya ngazi, na mwanamke akapiga kelele ya kumwona mumewe. Kisha hatua zikaendelea, nzito sasa.

Mdogo wake Refa aliingia akiwa na tepu ya kupimia bado shingoni na simu mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu kwenye simu hiyo tangu kipaza sauti kilipowaka, kwanza kando ya cherehani, kisha akikimbia: habari ya mkono uliovunjika, mapigano, na Nondo akisema alichokuja kudai. Na tangazo alikuwa amelisoma njiani.

"Dada," alisema. "Alikuomba kitu ambacho ulikwisha kukitoa asubuhi. Ungemwambia tu. Ukakaa kimya, ukaacha mume wangu avunjwe mkono."

"Sikiliza, mdogo wangu..."

"Umeuza zimwi la watu kwa huyo Mgeni, halafu ukamtoa Fundi awe ngao yako."

Refa angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: mwulize mumeo. Lakini alimwona mdogo wake akitetemeka kutoka nywele hadi unyayo, akakisikia kilio cha Fundi kikifika mlango wa chini, na sentensi ile hakuitamka.

Kipande cha nondo kilikuwa bado kwenye mkono wake uliolegea. Mdogo wake alikichukua bila kukivuta, kama mtu anayepokea mzigo.

Refa akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama pembeni.

Na watu wale wote waliopanda ngazi kuja kumwokoa wakarudi hatua moja nyuma, kila mtu kwa upande wake, wakampa mdogo wake nafasi.